Kabla Ripota Hajatoa Sehemu ya Pili

Najua mmeshaisikia. Ile voisi ya dakika nne imezunguka mpaka imenirudia mwenyewe. Kanitumia binamu yangu aliyeko Arusha, na chini yake kaandika, "Kaka, huyu si wewe kweli?" Ni mimi. Yule anayehema kama ng'ombe aliyekwama korongoni ni mimi, na yule anayepiga kelele "Mangi kazama! Jamani, Mangi kazama!" huku anacheka badala ya kutoa mkono ni rafiki yangu wa Tanga, ambaye kuanzia leo jina lake silitaji. Namwita Ripota.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Aibu ya WhatsApp inaishi siku tatu, ya nne watu wanahamia kwenye harusi ya mtu. Lakini jana usiku Ripota kaandika kwenye grupu kwamba ile ilikuwa sehemu ya kwanza tu, ya pili inatoka Jumamosi. Na mimi ninajua kilichomo kwenye hiyo ya pili. Kuzama ni jambo dogo, hata meli zinazama. Cha kwenye sehemu ya pili ndicho kinachonifanya niamke saa tisa za usiku, nikae kitandani, niseme "aaah!" peke yangu gizani. Kwa hiyo naiwahi.

Kosa lilianzia kantini.

Mnajua napiga shifti kwenye ghala hapa Manchester, huu mwaka wa tatu. Siku yangu ya kwanza kabisa, bosi wa shifti, mzee wa Kiingereza mwenye miguu mirefu kama korongo yule ndege, aliniuliza natoka Tanzania sehemu gani. Nikasema Kilimanjaro. Mimi nilimaanisha mkoa. Yeye akasikia mlima.

"Umeshaupanda?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Lakini mzee alikuwa ameacha hata kutafuna, ananitazama kama mtoto anavyomtazama dereva wa treni, na mimi nilikuwa mgeni ambaye hata choo nilikuwa sijaonyeshwa. Nikasema, "Aa, ule mlima naujua sana."

Na si uongo! Nimezaliwa Marangu. Nimepiga mswaki miaka kumi na minane nikiwa nautazama. Geti la kupandia nimefika mara nyingi kuliko hata baadhi ya waongozaji, maana nikiwa shule ya msingi bibi alikuwa ananituma na ndizi mbivu niwauzie wapagazi. Lakini kutoka getini kwenda juu, ndugu zangu, sijawahi kukanyaga. Pale kuna kiingilio. Mimi ni Mchaga. Nilipe hela kwenda mahali ambako hakuna hata duka?

Basi ule uongo nikaulea miaka mitatu. Sikuunenepesha, lakini chakula sikuunyima. "Umepanda mara ngapi?" "Kadhaa." "Juu kule baridi ikoje?" "Wewe acha tu." Ikafika mahali wafanyakazi wapya wanaletwa kwangu kutambulishwa: huyu hapa ni mtu wa Kilimanjaro, kapanda mara kadhaa. Natikisa kichwa kwa unyenyekevu, kama shujaa asiyependa kujisifu.

Sasa yule bosi ana ugonjwa mmoja. Kila Jumapili anatembea milimani kwa hiari yake mwenyewe, halipwi na mtu. Mwezi wa tatu huu, majira ya machipuko ndiyo yanaanza, akasema tufuatane. Mpango wenyewe: unashuka kwenye treni kijijini Edale, unapanda, unauzunguka mgongo wa mlima unaoitwa Kinder Scout, unashuka, unarudi stesheni ileile. Kilomita kama 14. Nikamuuliza tunakwenda kumwona nani. Akasema hakuna mtu. Nikauliza sasa tunafuata nini. Akafikiri, akasema, "Tunakwenda, halafu tunarudi."

Nikatafuta huo mlima kwenye simu. Mita 636.

Nilicheka mpaka dada wa Kipolandi wa idara ya kufungasha akaniletea maji. Mita 636! Stendi ya Moshi mjini, pale wanapouza karanga, iko juu kuliko hapo. Hata Ben Nevis ya Scotland, ambayo ndiyo baba lao huku Uingereza, ina mita 1,345. Nyumba ya marehemu bibi yangu imeipita, na bibi alikuwa analala hapo kila siku bila kupewa cheti. Nikasimama katikati ya kantini, nikatamka maneno ambayo Ripota hakuwepo kuyasikia lakini ameshayapata: "Kwetu hicho hatukiiti kilima. Hilo ni bonde."

Watu wakacheka. Dada wa Kipolandi akajiandikisha. Mimi nikamwalika Ripota, ili nipate mtu wa kunipiga picha na wa kushuhudia. Ndiyo. Shahidi nilimtafuta mwenyewe, na nusu ya nauli nikamlipia.

Bosi alinisisitiza ninunue buti za mlimani. Nikaenda dukani, nikaziona, nikaona na bei, nikazisalimia, nikatoka. Kazini tulishapewa buti za usalama za bure, zile zenye chuma kwenye vidole. Kama linaweza kudondokewa na pipa la rangi likabaki zima, litashindwaje na nyasi? (Fundi viatu aliyeko humu, najua unachotaka kuandika. Tulia.)

Halafu kuna jambo la saa. Wenyeji huku, Jumapili ya mwisho ya Machi, usiku umelala, wanakuchukulia saa yako moja. Oktoba wanakurudishia, bila riba. Ndiyo Jumapili yenyewe tuliyochagua. Niliamka nadhani nimewahi, kumbe nimechelewa, nikatoka na kikombe kimoja cha chai ya rangi tumboni. Ripota yeye alikuja na begi limejaa chapati.

Edale ni pazuri, lazima niseme. Kijiji cha mawe, mto unapita katikati, na mashambani wanakondoo wa siku mbili tatu wanaruka kama wamekanyaga moto. Jua lilikuwa linawaka lile jua lao la picha, linang'aa lakini halichomi. Tukapita mashamba, kila baada ya dakika kumi kuna kigeti cha kupita mtu mmojammoja, tukafika kidaraja cha mawe cha kale, na hapo ndipo mlima unaanza. Sehemu ile inaitwa Jacob's Ladder. Ngazi ya Yakobo. Kwenye Biblia waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi ya Yakobo ni malaika, na nilipofika katikati yake nikaelewa kwa nini Mungu hakutuma watu. Buti zile kila moja ilikuwa kama nimefunga tofali. Chuma kinabana vidole, kisigino kinapanda na kushuka ndani ya soksi kama pistoni. Ripota, mtoto wa pwani, mtu ambaye kwake kupanda mlima ni kuhamia ghorofa ya pili, alikuwa mbele anapiga mluzi.

"Mangi, vipi huko bondeni?"

Nikamwambia naangalia mandhari.

Tulipopumzika, bosi akatusimulia habari za mlima. Zamani kule juu kulikuwa kwa matajiri, wanafugia ndege wa kuwinda, na wana walinzi wenye virungu. Tarehe 24 Aprili 1932, vijana wa viwandani kutoka Manchester wakapanda kwa nguvu, mamia, bila ruhusa. Wakapambana na walinzi. Watano wakafungwa jela, kuanzia miezi miwili hadi sita. Mwaka 1951 sehemu hii ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza. Mzee alisimulia machozi yamemlenga. Mimi nilikuwa nafikiria: watu wamekula miezi sita jela ili mimi nipate haki ya kupata malengelenge.

Tukafika juu. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo hesabu zangu zilipokosewa. Nilitegemea kilele. Mlima una kilele, unakikanyaga, unapigwa picha, unashuka. Kinder hakina kilele. Juu ni tambarare, nchi nyeusi pana, imechanwachanwa na mifereji, upepo unapita kama una deni la mtu. Kwenye vivuli theluji ilikuwa bado imebaki vipandevipande. Udongo wake si udongo: ni majani yaliyooza nusu kwa maelfu ya miaka yakashindwa kumaliza, na kuna mahali kina chake kinapita urefu wa mtu. Bosi akasema moshi wa viwanda vya Manchester uliua ile mimea laini inayonyonya maji kama sifongo, mlima ukabaki uchi, na sasa watu wa kujitolea wanapanda mche kwa mche kuirudisha. Akanyoosha kidole. "Ukiona kijani kinachong'aa sana, usikanyage. Fuata mawe. Kanyaga ninapokanyaga."

Jamani, nilisikia. Ripota anasema sikusikia kwa sababu ya upepo. Nilisikia vizuri kabisa.

Tulikuwa tumeshalipita jiwe linaloitwa Noe Stool, tunaelekea Woolpacks, ambako kuna mawe makubwa ya mviringo yamelala kama kundi la viboko. Njia ilikuwa inakwenda inazunguka, na mawe nayaona pale mbele, hatua hamsini ukikata moja kwa moja. Nikaona hapa ndipo pa kurudisha heshima. Miguu inauma, nimekuwa wa mwisho tangu asubuhi, Mpolandi kanisubiri mara tatu. Nikasema kwa sauti, ili bosi asikie, "Kwetu mlimani hatuzunguki. Tunakata."

Kulikuwa na ndege mmoja wa jamii ya kware kwenye majani. Bosi alishatuambia kwamba wenyeji husema ndege huyo analia "rudi, rudi, rudi". Nikamsikia. Alirudia mara nne.

Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ikabonyea kidogo, kama godoro. Mbele yangu kulikuwa na kijani kimoja kizuri, kimetandazwa kama zulia la ofisi ya mkuu wa mkoa. Nikaweka mguu wa kulia katikati yake, kwa madaha, kidevu juu, maana Ripota alikuwa ameshatoa simu.

Zulia likafunguka.

Sikuanguka. Kuanguka kungekuwa na heshima yake. Nilishuka. Polepole, wima, kama mtu kwenye lifti. Baridi ikaanza kwenye kifundo, nikasema aa, ni kidimbwi. Ikafika gotini, nikasema aa, ni kidimbwi kirefu. Nikatia mguu wa kushoto ili nijisukume, na mguu wa kushoto nao ukapokelewa kwa furaha ileile. Lile tope lilikuwa halina haraka. Lilitoa sauti moja, "mbwuuu", kama ng'ombe anayevuta ulimi kwenye matope, likaja mapajani, likasimama. Nikajaribu kuinua mguu wa kulia. Buti ya usalama ikasema hapana. Lile chuma nililolisifia lilikuwa limejipata nyumbani, linatafuta wenzake ardhini.

Na hapo ndipo nilipoita. Ripota anasema nilimwita mama. Mwongo. Nilimwita Ruwa, mara mbili, kwa sauti ya juu. Hili jina shikilieni, litarudi.

Kama hatua ishirini hivi kutoka nilipo, kwenye kichuguu cha majani makavu, alikaa sungura. Wa mlimani, mwenye manyoya meupe ya baridi ambayo yalikuwa hayajamtoka yote, ana madoa ya kahawia kama koti lililochakaa. Akanitazama. Nimekulia kwenye hadithi za Sungura na Fisi, najua kabisa kwenye picha hii aliyeko shimoni huwa ni nani.

Bosi akakimbia kuja, akasimama kwenye jiwe la mwisho. "Usipige mateke!" Nilikuwa napiga mateke. "Tulia!" Mtu akiambiwa atulie ndani ya ardhi inayommeza, mnadhani anatulia? Ripota ndiyo hapo anarekodi ile voisi, na video pia, ila video anasema anaihifadhi kwa ajili ya harusi ya mwanangu.

Ndipo wakatokea wale bibi wanne. Wamevaa makoti ya rangi rangi, kila mmoja na fimbo mbili, mdogo wao nadhani sabini na moja. Waliteremka kwenye mawe wakipiga soga kama wametoka jumuiya. Mmoja mwenye kofia nyekundu akatazama tope, akatazama mimi, akapiga mkono kifuani, akasema kwa uchungu wa kweli, "Oh, hapana!"

Nikafarijika. Hatimaye mtu mwenye utu.

"Tulipanda haya mwaka juzi," akawaambia wenzake. "Kwa mikono yetu."

Alikuwa anayasikitikia majani.

Hata hivyo alikuwa mtu wa kazi. Akalaza begi lake juu ya nyasi, akapiga magoti kwenye ukingo, akaninyooshea fimbo. "Usivute kwa nguvu, bata. Egemea nyuma, kama uko kwenye beseni la kuogea. Legea." Ndiyo, kaniita bata. Kule Derbyshire bata ni neno la mapenzi, watu wanaitana hivyo mpaka dukani, lakini uambiwe ukiwa kwenye matope mpaka mapajani, kuna namna linakuingia.

Sikuweza kulegea. Mwili ulikuwa umekakamaa kama samaki mkavu. Bibi akamgeukia bosi, akamwambia tumzungumzishe, apoteze mawazo. Na bosi, kwa nia njema kabisa, kwa fahari ya mtu anayemtambulisha mwanawe, akasema:

"Huyu ni mtu wa Kilimanjaro. Kaupanda mara kadhaa."

Uso wa yule bibi ukafunguka kama dirisha.

"Usiniambie! Mimi niliupanda nilipotimiza miaka 60! Kwa njia ya Marangu!"

Ndugu zangu. Kuna milango mingapi ya kuupandia mlima ule? Machame iko. Rongai iko. Umbwe. Yeye kapita mlangoni kwetu. Huenda alinunua ndizi zangu.

"Marangu ndiyo kwetu," nikasema, kwa sauti iliyokuwa inatoka kwenye meno tu.

"Ajabu! Usiku wa pili tulilala Horombo. Pakoje siku hizi?"

Horombo nilikuwa nalo. Nikashukuru shule. Nikamwambia Horombo alikuwa mangi wa Keni, kule Rombo, mtawala mkubwa sana, kajenga ngome za mawe, kapigana na Wachaga wenzake karibu wote. Nilieleza kwa kirefu. Bibi akasikiliza kwa heshima, akasema hilo hakulijua, yeye alikuwa anaulizia vyoo vya kule kambini. Nikasema vyoo vizuri.

"Na ule usiku wa mwisho! Sisi tuliamshwa kabla ya saa sita ya usiku, baridi ile, taa za kichwani. Ninyi je?"

Na mimi, badala ya kusema "hivyohivyo", jamani, neno moja tu lile, hivyohivyo, lingeniokoa, nikasema: "Sisi wenyeji tunaanza asubuhi. Baada ya chai."

Bibi akapepesa macho. Bosi akainamisha kichwa kidogo upande, kama mbwa aliyesikia filimbi kwa mbali. Nikahisi linaponyoka. Nikajiambia, swali lijalo, lolote liwe, likubali kwa furaha.

"Mimi nilipofika kwa Gilman," akasema, macho yamelowa kwa kumbukumbu, "nililia. Sikujizuia. Wewe ulipofika kwa Gilman ulijisikiaje?"

Hapa nataka mnitendee haki. Mtu anakwambia amefika kwa Gilman. Wewe ungeelewa nini? Mimi nilimwona kabisa Gilman mwenyewe: mzee wa Kizungu mwenye ndevu, ana kibanda kule juu, anapokea wageni.

"Gilman!" nikasema. "Mtu mzuri sana yule."

Kimya.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona ule ukimya nikadhani unahitaji kujazwa.

"Mara ya mwisho nilimkuta anaumwa mgongo, maskini," nikasema, "lakini chai alinipa."

Upepo ukakata. Naapa, siku nzima ulikuwa unavuma, sekunde ile ukakata, ili kila mtu asikie vizuri. Bibi watatu wa nyuma wakatazama buti zao. Dada wa Kipolandi akafunga mdomo wake kwa skafu. Bosi akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la fulana, akaivaa, akanitazama upya, kama vile hiyo miwani ndiyo ilikuwa na tatizo miaka mitatu yote. Na yule kware, mahali fulani nyuma yangu: rudi, rudi, rudi.

Bibi akanigusa mkono. Alisema kwa upole ule wa kumpa mtu habari ya msiba. "Gilman's Point ni mahali, bata wangu. Ni ukingo wa kreta. Ziko mita zaidi ya elfu tano na mia sita."

Ningeweza kusema nilichanganyikiwa na baridi. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikamtazama sungura, naye alikuwa ameshaondoka, ameona inatosha.

Na mnajua kilichotokea? Mwili ukalegea. Wote. Kila kiungo kikakata tamaa kwa wakati mmoja, nikaegemea nyuma kama mtu aliyelazwa kwenye jeneza, na mguu wa kulia ukachomoka "pwop!", laini, kama kizibo cha chupa. Wa kushoto ukafuata. Wakanivuta kwa fimbo nne juu ya nyasi, nikalala pale, natazama mawingu ya Derbyshire, mguu mmoja una buti na mwingine una soksi.

Bosi alitia mkono kwenye lile shimo mpaka kwapani, buti hakuipata. Akasema lile tope huhifadhi vitu maelfu ya miaka bila kuoza. Hilo ndilo neno pekee aliloniambia kwa saa mbili.

Mengine nayapitisha haraka. Bibi wa kofia nyekundu alinipa soksi ya akiba, Ripota akatoa mfuko wa plastiki wa chapati, akanifunga mguu, akanidai asante. Kushuka kupitia kilima cha Grindslow Knoll na buti moja la chuma na mfuko mmoja wa Rambo ni adhabu ambayo hata wale watano wa 1932 hawakupewa. Wanakondoo walikimbia. Kwenye treni abiria wa kiti cha mbele alihamia behewa jingine. Chapati sikupewa hata moja.

Nilipofika nyumbani, voisi ilikuwa imefika kabla yangu. Mama watoto kakaa kwenye kochi, simu mkononi, hajauliza pole wala mguu una nini. Yeye ni wa Mtwara. Kichaga anakijua neno moja, mbege.

"Ruwa ni nani?"

Nikamwambia ni Mungu. Kwa Kichaga, Mungu ni Ruwa.

"Unazama, unakufa, unamwita Ruwa mara mbili. Mimi sijaitwa hata mara moja. Na Ripota anasema Ruwa ni mhudumu wa kantini kwenu."

Hiyo, kwa taarifa yenu, ndiyo sababu ya simu iliyopigwa Marangu saa nne za usiku huku, saa sita kule, mama yangu akaamshwa usingizini kutoa ushahidi. Spika ikawekwa wazi. Mama akathibitisha kwamba Ruwa ni Mungu na akaimba na ubeti mmoja. Mkwe wake akaomba radhi. Kisha mama akataka kujua kilichotokea mpaka nikamwita Ruwa Jumapili mchana, nikaeleza, na nikakosea nikataja mita 636.

"Sita mia?" mama akasema. "Sasa ulikuwa unapanda au unashuka?"

Jumatatu kazini hakuna aliyeniambia neno. Nilifika kwenye ubao wa zamu, kutafuta jina langu. Sikuliona. Kwenye mstari wangu, saa nane mchana mpaka saa nne usiku, geti namba tano, wameandika GILMAN. Na bosi alipopita na karatasi yake alisema, bila kuinua macho, "Gilman, mgongo unaendeleaje?"

Fomu ya kuomba buti mpya ninayo hapa, bado sijaijaza. Imeandikwa: eleza kwa kifupi mazingira ya upotevu. Nilimpigia mama jana tena, nikamlalamikia kwamba wanaweza kunikata buti zote mbili kwenye mshahara, wakati iliyopotea ni moja.

Akanyamaza kidogo, anapiga hesabu.

"Hiyo iliyobaki usiitupe," akasema. "Uje nayo Desemba."